Kura ya Mama Daraja

...na kiatu cha kushoto kinambana, kwa nini amevaa viatu hivi leo, siku zote anakuja na vile vya chini vilivyokwisha visigino na hakuna anayemtazama miguu, lakini asubuhi alijisemea leo ni siku kubwa, leo Mfuko wa Barabara na Madaraja unapigiwa kura, acha nivae kama mtu, na sasa amekaa bungeni vidole vimekunjamana ndani ya ngozi mpya, na katibu amesimama pale mbele kwenye meza yake anaita majina, safu kwa safu, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, anaita, mtu anasimama, anabonyeza kipaza sauti, anasema ndiyo au siyo, anakaa, anaitwa mwingine... safu ya kwanza imekwisha, ya pili inaelekea ukingoni, yeye yuko ya nne, bado kuna muda, muda wa nini lakini, mtu akishaamua anahitaji muda wa nini, na yeye si ameshaamua, si alimwambia waziri asubuhi pale koridoni, nimekusikia Mheshimiwa, naam, nimekusikia, kusikia si kukubali, ila waziri aliondoka anatabasamu, kwa hiyo yeye alichosikia ni kukubali. "Ndiyo," anasema mwenye miwani mizito wa safu ya pili. "Ndiyo," anasema wa jirani yake, tena kwa sauti kubwa, ili mnadhimu wa chama amsikie vizuri. Leo kusema ndiyo maana yake maneno fulani ya muswada yatoke. Maneno yenyewe mafupi, ukiyasoma haraka unayaruka, kifungu kizima kinasema kwamba katika kila lita ya mafuta itakatwa tozo ndogo, tozo hiyo iingie kwenye mfuko wake peke yake, ijenge barabara na madaraja, na hapo mwisho, kama mtu anayegeuka mlangoni kusema neno alilosahau, kinasema, na haitatumika kwa jambo jingine lolote. Hilo ndilo kufuli. Sasa serikali imeleta marekebisho, kufuli litoke, pawekwe "isipokuwa waziri atakapoona inafaa", na waziri yupi duniani aliyewahi kuona haifai... "Hilo ni sanduku lenye kufuli," alinong'ona jirani yake wa kulia, yule aliyekuwa mtangazaji wa redio kabla hajaingia siasa na mpaka leo wote wanamwita Mtangazaji, "lakini ufunguo umefungwa kamba pale pale juu yake," akacheka peke yake, harufu ya peremende ya mnanaa ikamjia puani, naye akacheka pia, kwa adabu, kwa sababu hakuna ubaya kucheka kabla hujaitwa.

Mama Daraja, ndivyo wanavyomwita, hata Spika siku moja aliteleza akamwita hivyo humu humu ndani na kumbukumbu za Bunge ikabidi zisahihishwe. Jina alilipata kwenye kampeni ya kwanza, wakati ule lilikuwa jina tamu, wanawake walikuwa wanalipigia vigelegele, Mama Daraja, Mama Daraja, na yeye anapunga mikono juu ya pikapu, na mto uko pale nyuma yake umetulia kama haumhusu. Sasa jina ni lile lile na utamu umekwisha, sokoni wanaume wanamwambia, Mama Daraja, basi tuvushe hata kwa mgongo, watu wanaangua kicheko, naye anacheka nao, afanye nini, ukikasirika ndiyo umewapa wimbo. Fedha za daraja zilitengwa, hilo hakuna anayeweza kumsuta, aliziona kwa macho yake kwenye kitabu cha bajeti, akapiga picha ukurasa akawatumia watu, na mwaka ule ule mvua zikagoma upande mwingine wa nchi na fedha zikaenda kununua chakula, nani angesema watu wasile, yeye mwenyewe aliunga mkono. Zikarudi mwaka uliofuata, zikaenda kwenye uwanja wa mpira. Hapo hakuunga mkono, ila hakupinga, alikuwa nje anaongea na simu, wakati mwingine simu zinaita mahali pazuri sana. Kapu lilikuwa moja, barabara humo, mishahara humo, safari humo, na kila apitaye anachovya mkono, mwenye mkono mrefu anatoka na nyama na mwenye mkono mfupi anatoka na mchuzi kwenye vidole. Ndiyo maana alipoletewa wazo la mfuko wenye kufuli alilishika kwa mikono miwili, akalipigania kwenye kamati, akazunguka nalo kama kuku mwenye yai, watu wakamwona amechanganyikiwa... "Siyo," anasema mtu safu ya tatu, na ukumbi unaguna, mnadhimu anageuza shingo polepole, anaandika kitu, wa upinzani yule, anajulikana, lakini anayemfuata si wa upinzani, naye anasema siyo, anakaa haraka kama aliyekanyaga moto, na Mtangazaji ananong'ona, "Eh, hesabu inaanza kunoga, mama. Wamekaribiana."

Wamekaribiana. Hakutaka wakaribiane. Alitaka iwe kura ya kupita mbali, ndiyo zikizidi zizidi kabisa au siyo zizidi kabisa, ili neno lake liwe tone baharini, aseme atakachosema na dunia isigeuke... waziri lazima alijua watakaribiana, kwa nini vinginevyo amsubiri yeye koridoni, mtu mwenye shughuli zote zile, amesimama karibu na mtungi wa maji ya kunywa ameshika kikombe cha karatasi, anamsalimia kwanza, anamuuliza habari za mzee nyumbani, anamuuliza goti lake limepona, kisha ndipo anasema, "Mama Daraja, tuseme ukweli kati yetu. Huu mfuko ukifungwa kama mnavyotaka, utaendeshwa na wataalamu, na wataalamu watapanga kwa wingi wa magari. Wewe daraja lako lina magari mangapi?" "Hayawezi kuwepo, Mheshimiwa, daraja lenyewe si halipo." "Ndiyo hivyo sasa," akasema, na hakuwa anamkejeli, hilo ndilo baya, hakuna kejeli kabisa kwenye uso wa mtu yule, "utangoja mpaka wajukuu. Lakini nikiwa na nafasi ya kuamua, wewe ni wa kwanza. Wa kwanza kabisa. Mimi mwenyewe nitasimamia." Akamgusa bega. Mkono mwepesi, wa mtu mwema. Na ni kweli tupu, wataalamu walishawaambia kwenye kamati, jimbo lake liko chini kabisa ya orodha, kule chini ambako mtu anasogeza kidole mpaka kinachoka, kwa hiyo kazi yote ile aliyofanya, kuzunguka kote kule na yai lake, yai lenyewe lingetoa kifaranga cha jirani. Yeye asingeambulia hata manyoya. Kichekesho hicho, Mtangazaji angekicheka wiki nzima, ila hajamwambia.

Jana mume wake alipiga simu wakati wa chakula cha mchana, yeye si mtu wa kupiga simu mchana, ni mtu wa kusubiri jioni wakati wote wawili wamekwisha kuchoka, akaongea taratibu, "Dada anauliza." Dada yake, wifi yake yeye, hawajasemeshana kwa muda sasa, salamu zao zinapita kwa mume huyu kama maji yanavyopita kwenye mrija, yanafika lakini si ya moto tena. "Anauliza nini?" "Kaka yetu mkubwa amempa nafasi kwake, vyumba viwili na kishamba nyuma, ahamie mwezi ujao kabla ya mvua. Anauliza daraja lipo au halipo." "Mbona aniulize mimi, si ahame tu." Alisema hivyo, kwa haraka, na akasikia mume wake anavuta pumzi kule upande wa pili. "Wewe ndiye uliyemwambia abaki. Anasema hawezi kuondoka bila kukuuliza, itakuwa kama amekupa mgongo." ... bila kukuuliza... baada ya yote yale bado anauliza, na mtu akikutukana unajua pa kuweka mikono yako, lakini mtu akikuuliza kwa heshima baada ya yote yale unaiweka wapi... "Nitakujibu kesho," alimwambia mume wake, "kesho tunapiga kura, kesho nitajua." Na leo ndiyo kesho.

Alimwambia wapi abaki, pale pale mtoni, wiki ile ya ushindi, shingo yake bado ina mashada ya maua yanayomwasha, wifi amevua kandambili ameshika mkononi, wanatazama ng'ambo. Kulikuwa na kiwanja ng'ambo ile, kando ya barabara kubwa, shemeji, mume wa wifi, alikuwa amekwisha kukubaliana na mwenyewe, walikuwa wanataka kujenga kibanda cha duka mbele na vyumba nyuma, binti yao angekwenda shule bila kulowa magoti. Kila kitu kilikuwa tayari, kilichobaki ni kufunga mizigo. "Unaonaje, wifi?" aliuliza, kama mtu anavyouliza ili aambiwe hongera. Na yeye, na maua yake, akasema, "Uhame uende wapi? Daraja likija hapa ndipo patakuwa mjini. Nunueni ng'ombe, uzeni maziwa, lori la kiwanda litafika mpaka mlangoni kwako. Mimi mwenyewe nitasimamia." Hakusema uongo. Hilo ndilo analojiambia akiwa anaoga, akiwa anasubiri chai ipoe, hakusema uongo, aliamini, aliliona daraja lile, angeweza kukuonyesha nguzo zake zitakapokaa. Wifi akamtazama, ana macho makubwa yule, yanatulia juu ya mtu, akasema, "Wewe ukisema, mimi nabaki." Akavaa kandambili zake. Kwa nini hakusema, wifi, subiri kwanza, mimi fedha sizishiki, mimi naomba tu kama wewe, ningekuwa wewe ningehama na daraja likija ningerudi... ni maneno mangapi hayo, yangemgharimu nini, maua yasingenyauka... lakini mtu aliyebebwa juu juu na umati haoni ardhi, anaona vichwa tu.

"Ndiyo," safu ya tatu. "Ndiyo." "Siyo." Mmoja hayupo, katibu anarudia jina lake mara mbili, kiti kitupu, amekwenda kusikiliza simu huyo, anaijua simu hiyo... Ng'ombe walinunuliwa, na kiangazi cha kwanza mambo yalikwenda, vijana walilaza magogo mtoni, madumu ya maziwa yakavushwa begani, lori likasubiri ng'ambo, wifi akawa anampigia simu kucheka tu, wifi, nimenunua sufuria kubwa kuliko mimi. Kisha mvua zikayachukua magogo. Lori likasubiri siku chache, dereva anapiga honi, watu wako huku wanapunga mikono, na honi haivushi maziwa, likaacha kuja. Ng'ombe hajui kwamba lori haliji, ng'ombe anatoa maziwa. Shemeji akaondoka kwenda kutafuta kazi machimboni, mwanzo anapiga simu kila Jumapili, baadaye Jumapili moja moja, baadaye sauti ya yule mwanamke wa kampuni ya simu, namba unayopiga haipatikani, na wifi anaipiga bado, Mama Daraja aliambiwa na mume wake, anaipiga na kumsikiliza yule mwanamke mpaka mwisho. Kiwanja kikachukuliwa na mtu mwingine, akajenga duka, akaezeka bati jipya, na jua likipiga mchana bati lile linamwakia machoni wifi akiwa anafagia uani kwake, kila siku, hata akigeuza mgongo linamulika ukuta. Na siku ile ya mkutano wa hadhara, kampeni ya pili, wifi alikuja na ndoo kichwani, watu wakampisha, wakapiga makofi, tazama wifi mtu anavyomletea wifi yake zawadi, na yeye jukwaani akashuka ngazi kabisa kumpokea, mikono ameinyoosha. Wifi akaitua ndoo, akaiinamisha, maziwa yakatiririka kwenye vumbi mpaka kwenye vidole vyake, taratibu, bila haraka, wala hakupaza sauti, "Haya ni ya leo, wifi. Ya jana niliyamwaga nyumbani, hukuyaona." Akachukua ndoo yake tupu akaenda zake. Na watu walimchagua tena hata hivyo, wangemchagua nani, mpinzani wake hakujua hata mto unaitwaje. Alishinda na vidole vya miguu vinanata.

"Safu ya nne," anasema katibu, anafungua ukurasa, anakunywa maji, kuna watu wanakohoa kama kwenye msiba, wanasubiri pa kuanzia. Sasa. Afikirie vizuri sasa. Akisema ndiyo, waziri ana nafasi ya kuamua, daraja linakuwa la kwanza, jioni anampigia mume wake, mwambie dada lipo, asihame, lipo kabisa safari hii, waziri mwenyewe ameniambia, mimi mwenyewe nitasi... na hapo anajikatiza, kwa sababu maneno yale ameyasikia asubuhi kwenye mdomo mwingine, neno kwa neno, hata mkono begani ni ule ule, aliwahi kuuweka yeye, kwenye bega la wifi pale mtoni, bega lililokuwa na alama ya jua... Mimi mwenyewe nitasimamia. Na waziri haongopi, anaamini, amelala usiku ameamini na ameamka anaamini, kama yeye alivyoamini na maua yake. Waziri aliyemtangulia naye aliamini, sasa ni balozi mahali fulani penye baridi, anatuma picha za theluji. Na yule wa kabla yake aliapa kabisa, kwa jina la mama yake, sasa anafuga kuku, tena kuku wazuri, aliwahi kumletea Mama Daraja trei ya mayai kwa kumwonea haya. Wote watu wema. Ukikaa ukahesabu ubaya humu ndani hutaupata, utapata watu wema wanaogusana mabega, na mto uko pale pale. Kwa hiyo kinachompata wifi hakitoki kwa mtu mbaya, kinatoka kwa neno zuri lisilokuwa na kitu nyuma yake, neno la mtu ambaye kesho anaweza kuwa balozi, na lile kufuli, Mungu wangu, lile kufuli limewekwa kwa ajili ya watu wema, wezi wana kufuli zao nyingine, hili ni la kuwazuia watu kama yeye wasiseme lipo... "Ndiyo," anasema wa kwanza wa safu yao. "Siyo," wa pili. Mtangazaji ametema peremende kwenye karatasi anaikunja, naye yuko kwenye mizani, hakulijua hilo, miezi yote hii alidhani mtu yule hana uzito wowote ndani yake.

Na akisema siyo, hakuna daraja. Aseme wazi na nafsi yake, asijifunike kanga ya taifa, hakuna daraja, si mwakani, si mwaka wa mbele yake, litajengwa daraja la watu wengine kwanza, watu asiowajua, wenye magari mengi, na atakuwepo mwanamke mmoja huko aliyeambiwa baki akabaki, naye atavuka, na hatajua jina la aliyemvusha, na huku nyumbani uchaguzi ujao watamwondoa, na haki yao. Hilo linauma lakini haliumi pale alipodhani. Linalouma ni kwamba hata daraja likiteremka leo kutoka mbinguni, limepakwa rangi, shemeji harudi juu yake, kiwanja hakirudi, sufuria ile kubwa wifi aliiuza, na binti yake aliyekuwa analowa magoti ameshakua na hataki kusikia habari za shule. Miaka yote amekuwa anafikiri anadaiwa daraja. Wifi hakuulizia daraja jana, wifi aliuliza lipo au halipo, ni swali jingine kabisa, linajibika kwa pumzi moja, lingejibika siku nyingi, angejibiwa pale pale mtoni na kandambili mkononi angekuwa ng'ambo na mume wake na duka lake leo... halipo, wifi. Halipo. Nenda kwa kaka, mapema, kabla ya mvua, hujanipa mgongo.

Anashtuka ukumbi unacheka. Wanamcheka nani, anatazama huku na huku, anaona vichwa vya watu kutokea juu, anaona utosi wa Mtangazaji, nywele zimeanza kumpungua pale katikati, ndipo anagundua kwamba yeye amesimama, amesimama na kipaza sauti chake amekibonyeza kinawaka, na Spika amemwinamia kutoka kwenye kiti chake kirefu, anajizuia naye asicheke. "Mheshimiwa, bado hujaitwa. Kuna wenzako wawili mbele yako." "Najua, Mheshimiwa Spika." Sauti yake inatoka kwenye vipaza sauti vyote, kubwa, tulivu, kama ya mtu mwingine. "Basi keti, usubiri zamu yako." "Nitasubiri hivi hivi, Mheshimiwa Spika, kwa ruhusa yako." Wanacheka tena, mtu wa nyuma anasema, "Mama Daraja ana haraka ya kuvuka," na waziri kule mbele amegeuka kumtazama, anatabasamu kidogo, anamwitikia kwa kichwa kumtia moyo, maskini, bado anaamini, na Spika anapunga mkono kwamba haya, katibu endelea, na katibu anaendelea kwa sauti ile ile, anaita, wa kwanza anasimama, anajikuna shingo, na yeye amesimama tu, mikono juu ya meza, hili la hapa halimsumbui tena, hili ni neno moja na liko tayari mdomoni, ni lile la jioni ndilo analolitafuta, hatapita kwa mume wake safari hii, atapiga mwenyewe, na wifi atapokea, kuku watasikika uani, na yeye ataanzaje, mtu humwanzaje mwenzake baada ya miaka namna hii, wifi ni mkubwa kwake kwa umri, aanze na shikamoo, ndiyo, aanze na shikamoo dada, angoje aitikiwe, na kama hataitikiwa angoje tu... "Siyo," anasema Mtangazaji pembeni yake, kwa sauti yake nzuri ya redio, anakaa, na katibu anashusha macho kwenye karatasi kutafuta jina linalofuata.